Sajini Hakuwa Mgeni

Siku ile naikumbuka vizuri, mwanangu, kwa sababu ndiyo siku niliyomfunika samaki khanga. Usicheke kwanza. Jana ulinitumia picha kutoka Kyambogo, lisamaki lako jipya limefungua mdomo, wewe unalilisha soseji, na unatabasamu kana kwamba umejenga msikiti. Nimeitazama picha hiyo hadi chai ikapoa. Sasa kaa unisikilize.

Nilikuwa bibi harusi wa miezi minne, nyumbani kwa baba mkwe wangu kule Mbuya. Mzee alikuwa polisi mstaafu, mtu wa maneno machache, na sebuleni aliweka tangi kubwa la kioo. Ndani yake aliishi samaki mmoja wa aina ya oska, mweusi mwenye madoa ya rangi ya chungwa, mrefu kama mkono wangu kutoka kiwiko hadi kiganja, mla samaki wenzake. Mzee alimwita Sajini. Alipokwenda Hija akamwacha mikononi mwangu, si mwa wanawe. "Binti, mlishe Sajini," akasema, akaondoka. Nikajua hapo ndipo ninapopimwa kama kweli mimi ni mtu wa nyumba ile.

Sasa, sisi Wanubi unatujua. Mtu akikutazama unakula, unampa. Na Sajini alikuwa anatazama! Tukitandika mkeka tu, huyo amefika kwenye kioo, macho yamemtoka, mdomo unafunguka na kufungika. Roho iliniuma. Nikampa kipande cha nyama ya pilau. Kesho yake nikampa maini. Wageni waliokuja kumwona bibi harusi nao hawakutaka kuitwa wachoyo, kila mmoja akamdondoshea mnofu wa mbuzi wenye mafuta yake. Wakawa wananisifu: mkono wa binti huyu una baraka, tazameni samaki alivyonenepa. Nami nikavimba kichwa kuliko Sajini alivyovimba tumbo.

Siku nne kabla ya siku tuliyomtarajia mzee, Sajini akalala ubavu. Maji yalikuwa kama supu ya juzi, na harufu usiulize. Nilijiona narudishwa kwetu na masufuria yangu, nimeachika kwa kuua samaki.

Nikamwita mzee mmoja Mganda mwenye mabwawa ya samaki, tuliyemwita Ssalongo kwa kuwa ana mapacha. Yeye ndiye aliyemlea Sajini udogoni. Akalitazama tangi, kisha akanitazama mimi.

"Nani alipatia hii samaki nyama ya ng'ombe?"

"Alikuwa ananitazama, ssebo," nikamjibu kwa heshima.

"Nyabo, hii samaki itakutazama tu. Hata ikishiba itakutazama." Akachovya kidole majini, akanusa, akakunja uso. "Mafuta ya ng'ombe, tumbo ya samaki haiwezi. Inaenda inakaa kwa maini. Wewe unafikiria unapenda yeye, kumbe unaua yeye pore pore. Sasa badilisha maji kidogo kidogo, na usipatie yeye kitu siku tatu."

Basi Sajini akafunga, na wala haikuwa Ramadhani. Lakini walioteseka ni sisi. Siku ya pili akainuka wima, akaja kwenye kioo kuomba. Mama mkwe akarudisha tonge sahanini, akasema halipiti kooni. Ndipo nilipochukua khanga yangu mpya nikalifunika tangi, tukala kimya kama wezi.

Mzee alitukuta hivyo hivyo, maana alirudi siku moja kabla ya tulivyomtarajia. Akasimama mlangoni na kanzu yake nyeupe.

"Sajini ameolewa?"

Nikaangua kilio. Nikamweleza yote, mpaka yale maini. Akainua pindo la khanga, Sajini akamfungulia mdomo. Mzee akacheka hadi akatafuta pa kukaa, ikawa mara yangu ya kwanza kumwona akicheka.

Jioni wakamwandalia mzee, sasa Alhaji, sinia la pilau na mbavu zinazong'aa mafuta, wote wakamkazia macho ale. Akaniinamia sikioni. "Daktari wa presha alinikataza hizi mwaka wa pili sasa, na hakuna aliyelia. Kuanzia kesho, mwanangu, nipikie kama Sajini."

Aliniita mwanangu. Siku hiyo ndipo nilipopata nyumba.

Kwa hiyo soseji hiyo kampe paka. Samaki wa aina ya Sajini ale vya majini: kipande cha samaki mbichi, mukene, wale dagaa wa ziwani, wasio na chumvi, uduvi, na punje za chakula chake za dukani. Minyoo pia. Nsenene, wale panzi wa kuliwa, kwa msimu mpe wabichi, wale wa kukaanga na vitunguu niletee mimi. Umbadilishie, asizoee kitu kimoja. Samaki hai wa mtaroni usimtupie, wanakuja na maradhi yao. Akishakuwa mkubwa asile kila siku, na anachobakiza kitoe kabla hakijaoza. Ukimpenda anayekula, mwanangu, uliza tumbo lake linataka nini, macho yake yaache.

Mwenyezi Mungu akupe mkono wa kutoa, na akupe moyo wa kuuzuia unapotazamwa. Nyumba yako isikose kicheko wala maji safi. Amina. Na khanga ile bado ninayo, ukizidiwa njoo uichukue.