Mtori wa Bibi Sombetini

Juzi niliagiza mtori, ile supu nzito ya ndizi na nyama, kwenye hoteli moja ya katikati ya mji hapa Arusha, wakaniletea kibakuli kidogo kimekaa juu ya sahani kubwa, na jani la kotimiri juu yake kama pambo. Ulikuwa mtamu, siwezi kusema uongo. Lakini kijiko cha kwanza tu kilinirudisha utotoni, uani kwa mama mdogo kule Sombetini, nimeshika mwiko unaonizidi kimo na bibi yangu amenuna. Kaa nikusimulie, maana aliyewahi kumwona bibi yangu amenuna hakusahau.

Sisi ni watu wa mlimani. Kwetu ni juu ya Maji ya Chai, unapandisha katikati ya migomba na kahawa mpaka unaanza kusikia baridi ya msitu wa Meru. Bibi alikuwa na ng'ombe wawili, shamba zuri la kahawa, na maoni kuhusu kila kitu. Kuhusu mji alikuwa na maoni mengi zaidi, ingawa hakuwa amekanyaga Arusha tangu enzi za foleni, miaka ile sabuni ilipokuwa ikipatikana kwa kujuana. Alisema watu wa mjini hula wamefunga mlango. Alisema hawasalimiani, na ukiugua, jirani yako atajua siku jeneza linapopita mbele ya dirisha lake. Mimi niliyaamini yote. Ningeachaje kuyaamini, na aliyeyasema ni bibi?

Basi mama mdogo, kitinda mimba wa bibi, akajifungua mtoto wake wa kwanza huko huko mjini. Mumewe alikuwa dereva wa lori, mtu wa njiani. Yeye mwenyewe alikuwa na meza ya mitumba sokoni, biashara iliyokuwa imeushika mji mzima tangu mambo yalipolegezwa na kila mwenye nguvu akaruhusiwa kuuza anachokipata. Sasa kwetu mwanamke aliyejifungua, ambaye tunamwita mzazi, hukaa ndani miezi mitatu. Hapiki, hachoti maji, hashiki jembe. Kazi yake ni kula mtori na mafuta ya kondoo mpaka mashavu yajae. Bibi akaona mjini hakuna mtu wa kumfanyia hayo mwanawe, akatangaza kwamba anakwenda kumchukua, yeye na mtoto, warudi mlimani. Mama mdogo alikuwa ameshatuma neno kwamba akiondoka miezi yote hiyo meza yake atapewa mwingine, na kupata nyingine itakuwa ndoto. Bibi alijibu kwamba meza si mtoto, na akaanza kufunga mizigo.

Mimi nilichukuliwa kwa ajili ya kubeba. Tulikuwa na mkungu wa ndizi mshare, maziwa ya mgando kwenye kibuyu, na paja la kondoo ambaye mjomba alimchinja kwa ajili ya safari hiyo, limekaangwa likaiva ndani ya mafuta yake lenyewe. Na usicheke, tulibeba pia mche mzima wa sabuni na sukari iliyofungwa kwenye kitambaa, kwa sababu bibi hakutaka mjukuu mchanga afuliwe nepi kwa maji matupu. Tulipofika kwenye kona ya mtaa wa mama mdogo tukakuta duka lenye sabuni za waridi, za kijani, za kufulia, za kuogea, zimepangwa mpaka darini, na mwenye duka anapiga miayo. Bibi alizitazama. Kisha akahamishia furushi lake mkono wa pili na kuendelea na safari. Nilijua limemuuma.

Nyumba ilikuwa ya vyumba vingi vinavyotazama ua mmoja, na mlango wa mama mdogo tuliukuta wazi. Nilikuwa nimejiandaa kumkuta peke yake kitandani, amekonda. Nikamkuta amekaa, tumbo limefungwa barabara kwa kanga, mkononi ana kikombe cha uji unaowasha pua kwa pilipili manga. Pembeni yake amepiga magoti mwanamke aliyejitanda mtandio, anakamua kitambaa kwenye maji ya moto na kumkanda. Alimwamkia bibi shikamoo bila kuinuka, kwa sababu mikono yake ilikuwa na kazi.

Huyo alikuwa jirani wa mlango wa pili, mtu wa Pangani. Mumewe alikuwa fundi cherehani, na cherehani yake ilikaa sokoni ubavuni mwa meza ya mama mdogo, akipunguza suruali za mitumba kwa wale waliozinunua. Kumbe tangu mama mdogo atoke hospitali, mke alikuwa akimkanda asubuhi na jioni, na mume anamuuzia nguo ili meza isionekane haina mwenyewe. Wanawake wengine wa uani walikuwa wamegawana zamu za kuchota maji na kufua. Mtoto wa watu alikuwa analelewa na nyumba nzima. Mimi nilipumua. Bibi hakupumua. Alisema kwa Kimeru kwamba wageni ni wageni, leo wako hivi na kesho wako vile, na kwamba atawapikia wote chakula cha kuwashukuru, kisha sisi na mzazi wetu tunaondoka.

Kesho yake mchana akapika. Nilimenya ndizi mpaka vidole vikawa vyeusi kwa utomvu, nikaponda kwa ule mwiko, bibi akatia nyama ya kondoo na mafuta yake, na harufu ikajaa ua wote. Watu wakatoka na viti vyao. Walikula kwa kelele na sifa, mpaka nikaanza kuona fahari kama vile kondoo alikuwa wangu. Ila jirani wa mlango wa pili aliipokea bakuli yake kwa mikono miwili, akashukuru, akaiweka chini kando ya kigoda chake. Akampakata mtoto, akacheka na wenzake, akamsifu bibi kwa ndizi zake. Bakuli ile ikapoa hivyo hivyo.

Bibi alikuwa anaona. Kwetu, kukataa chakula cha mtu mbele ya watu ni kumtukana na kumwaga na mboga yake. Alipoingia ndani kwa mama mdogo, uso wake ulikuwa umefunga kama anga la Meru mwezi wa nne. Akasema hawezi kumwachia damu yake mwanamke anayekionea kinyaa chakula chake, na akaanza kukunja nepi. Niliogopa kweli. Nilikuwa nimeshawapenda wale watu, na nilimwona mama mdogo akiitazama ile mizigo kama mtu anayeangalia meza yake ikibebwa.

Halafu mama mdogo akaanza kucheka, huku ameshika tumbo kwa maumivu. Akamuuliza bibi nani alimchinja yule kondoo. Mjomba, bibi akasema, nani mwingine? Ndipo akaelezwa kwamba Waislamu hawali nyama ambayo haikuchinjwa na Mwislamu mwenzao. Bibi alikuwa anajua kwamba hawali nguruwe. Kondoo alimwona ni kondoo tu. Kule kwetu mlimani wote tulikuwa watu wa kanisa moja, na jambo hilo halikuwahi kupita mlangoni petu.

Bibi alikaa kitandani. Akauliza, "Kwa hiyo amekaa pale na njaa yake muda wote ule, ili watu wasijue nimekosea?"

"Ndiyo, mama," mama mdogo akasema.

Asubuhi bibi alitoka mwenyewe, yeye aliyesema mjini utapotea ukigeuza shingo, akarudi na jogoo kwapani. Fundi alikuwa anajiandaa kwenda sokoni. Bibi akasimama mbele yake na Kiswahili chake cha kuokoteza.

"Mwanangu, nichinjie huyu. Nataka mkeo ale chakula changu."

Fundi akaweka chini mkasi wake, akachukua kisu, akamwelekeza jogoo kibla, akasoma lake. Mkewe akatoka na sufuria yake mwenyewe, akamkabidhi bibi ampikie humo, na bibi akaipokea bila swali. Mchana ule jirani alikula bakuli mbili, baada ya kuukamulia mtori ndimu nzima. Bibi, ambaye mtori wake haukuwahi kuonja ndimu, alifumba macho ili asione. Na mimi niliyemjua nakuhakikishia kwamba hayo yalikuwa mapenzi.

Tuliondoka wawili, kama tulivyokuja. Bibi alimwambia jirani pale mlangoni kwamba yeye anarudi kwa ng'ombe wake na huyu binti amemwachia, akikaidi kula amfinye. Mama mdogo alijifungua tena mara mbili baada ya hapo, na meza ikazaa duka. Kila habari ikifika mlimani bibi aliuliza tu kama jirani bado yupo. Akiambiwa yupo, alituma ndizi na kubaki na kahawa yake.

Ua ule haupo tena. Mahali pake pamesimama fremu za maduka, na fundi na mkewe walirudi Pangani kuzeekea kwao. Mimi naupenda mji huu na sitaki kuusema vibaya, umenilea na bado unanilisha. Lakini mzazi wa siku hizi ana geti, ana dada wa kazi, ana simu, na sijui bibi yangu angemwachia nani.

Bibi alipofariki tulipeleka taarifa Pangani tukijua ni mbali. Siku ya maziko jirani akafika, amezeeka, anatembea kwa kuchechemea, akaketi nyuma kabisa kwenye viti vya wageni. Mchungaji alipoita watoto wa marehemu waje na shada lao, mama mdogo alipita katikati ya watu wote mpaka kule nyuma, akamshika mkono, akamwinua. Walikwenda pamoja kaburini. Na katika ukoo wetu wote, wenye maneno mengi kama unavyoujua sasa, hakuna hata mmoja aliyeuliza huyu ni nani.