Natoa Sauti Nikiwa Nyuma ya Mlango

(Msomaji huyu ni wa Eastlands, Nairobi. Ametuomba tufiche jina lake na la kanisa lake.)

Hamjambo wasomaji. Mimi ni msichana wa miaka ishirini na mmoja, sijaolewa, na nina mtoto wa kike anayeanza kusimama akishikilia kiti. Tunaishi na mama yangu mtaa wa Huruma. Shule niliachia darasa la nane, kwa hivyo mkiona nimekosea mahali mniwie radhi.

Kitu ninachokijua tangu utotoni ni kuimba. Kuna kikundi cha wanafunzi wa chuo ambao hufanyia mazoezi kanisani kwetu, Donholm. Wao huimba kwa sauti tupu, hakuna kinanda, hata ngoma hawagusi. Msichana wao mmoja alipomaliza chuo walinichukua kutoka kwaya ya kanisa, ingawa mimi si mwanafunzi. Kazi ya kutoa sauti ikawa yangu. Navumisha kidogo tu kwa mdomo uliofungwa, kila mtu anachukua sauti yake hapo, tunaanza.

Yule anayeimba besi ndiye baba ya mtoto wangu. Nitamwita Besi. Tulipendana, ama mimi nilipenda, siku hizi sijui niseme vipi. Nilipomwambia nina mimba alikaa kwenye ngazi za kanisa akashika kichwa. Akasema, "Ukinitaja watanitoa, na chuoni habari itafika. Nyamaza nimalize masomo, halafu nije kwenu na wazee." Nikanyamaza. Wazee wa kanisa waliponiuliza ni nani, niliangalia viatu vyao. Nikatengwa. Kwetu ukitengwa huimbi, hushiriki meza ya Bwana, unakaa benchi la mwisho hadi urudishwe. Yeye aliendelea kuimba, nami namsikia kutoka kule nyuma.

Wakaenda mashindano ya vyuo bila mimi. Mvulana wa sauti ya tatu ndiye aliyetoa sauti, na kwa woga akaanzia juu sana. Walipofika kiitikio wasichana walikuwa wanalia kama kuku anayekimbizwa, mpaka mama mmoja akawaambia kutoka kwa viti, "Shukeni polepole wanangu, mtaanguka." Ukumbi ukacheka. Wakaacha wimbo katikati.

Ndipo mwenyekiti wa kikundi akanijia. "Dada, wazee wamesema usisimame na sisi. Hawajasema usisimame nyuma ya mlango."

Hivyo ndivyo nafanya mpaka leo. Mlango wa chumba cha mchungaji unaachwa wazi kidogo, nasimama ndani na mtoto mgongoni, navumisha, wanachukua, wanaimba. Watu wakipiga makofi mimi nimeshakaa. Mtoto amezoea, hata halii. Mimi pia silii. Ni kama mguu ulioukalia ukafa ganzi, unajua ni wako lakini ukiugusa husikii kitu.

Sasa kikundini kuna msichana nitamwita Ruth. Sina ubaya naye. Nilipojifungua ni yeye peke yake aliyekuja kuniona, akaleta unga wa uji na shali. Mwezi uliopita alikuja, akakaa kitandani, akampakata mtoto.

"Mama Mtoto, nina habari, lakini usinicheke."

"Nicheke nini?"

"Naolewa."

"Wacha! Na nani?"

"Si ni huyu huyu Besi wetu. Vile yeye hukaa kimya hivyo, kumbe alikuwa anapanga." Akacheka, akamfinya mtoto shavu. "Sasa sikiza. Siku hiyo nikiingia kanisani sitaki kuaibika. Wewe ndiye utawatolea sauti. Niahidi."

Nikasema sawa. Neno lilitoka tu. Halafu nikarudi kukoroga uji kwa sababu ulikuwa unashika chini.

Besi mwenyewe alikuja baadaye, akasimama mlangoni. "Umeambiwa?" Nikamwambia nimeambiwa. "Basi usiniharibie. Toa sauti, uende zako. Mtoto umwachie mama yako." Mtoto alikuwa ametambaa mpaka kwake, akashika kamba ya kiatu. Besi akauvuta mguu pole pole, vile mtu huepuka maji ya mtaro. Nilimwona. Nikaendelea kukunja nepi.

Mama yangu pekee ndiye anayejua. Ananiambia, "Wewe mtu anakuibia, na wewe unamshikia taa aone vizuri." Lakini mwenyekiti ameniahidi kwamba nikiwasaidia kwenye harusi hii, atasimama mbele ya wazee yeye mwenyewe nirudishwe. Hapo ndipo mambo yananishinda. Nataka kurudi. Nataka mtoto wangu akipata akili anione nimesimama mbele na wengine, nimevaa kama wao, ninaimba wimbo wote mpaka mwisho. Nikisema, harusi itavunjika, wazee watasema nimengoja siku ya mwenzangu ndiyo niropoke, na mlango hata ule wa nyuma utafungwa. Nikinyamaza, Ruth ataolewa bila kujua kwamba yule mtoto aliyemletea shali ni wa bwana yake, na mimi ndiye nitakuwa nimemwanzishia wimbo wa kuingia.

Harusi ni mwezi ujao. Kila Jumamosi Ruth anapita kwetu kunionyesha mitindo ya gauni, na mtoto akisikia sauti yake kwenye ngazi anaanza kurukaruka. Namwandalia chai. Nafungua mdomo nimwambie, namuuliza kama ameongeza sukari.

Ninyi dada zangu mlioolewa, nijibuni bila kunionea huruma. Kama ni wewe umekaa hapo kitandani kwangu, umempakata huyu mtoto, ungetaka nikwambie?