Tochi Kwenye Kijumba cha Maungamo

Msinicheke kabla sijamaliza, maana mpaka leo kanisani nakaa benchi la nyuma kabisa, na wapo kina mama wa jumuiya yetu wanaonisalimia huku wamebana midomo, nami najua wanachokibania.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara zimefunguliwa, bidhaa za nje zimefurika soko la Majengo, nami nauza mitumba palepale (makoti hasa, kwa baridi yetu ya Juni). Basi kikaniota kivimbe kwenye kifundo cha mkono wa kushoto, kama gololi, wala hakiumi. Mwingine angekisahau, lakini shangazi yangu wa Mpitimbi alianza na kivimbe hivyohivyo, kumbe saratani, tukamzika. Usingizi ukanihama.

Jirani yangu Koleta, ambaye ni nesi, akakibonyeza, akasema, "Mama Kandida, usijiue kwa mawazo. Njoo hospitali Jumatatu, daktari akumulike kwa tochi kwenye chumba chenye giza. Mwanga ukipenya, mara nyingi ni maji tu. Usipopenya, huenda ni nyama, watapima zaidi."

Jumatatu! Na siku hiyo ni Jumamosi, ningeifikaje? Nikanunua tochi ya Kichina, nikaitumbukiza mkobani, nikaenda kuungama (kama ni kufa, nife nimetubu). Padre akachelewa. Watu wamejipanga kwenye mabenchi, mimi wa kwanza, na mbele yangu kile kijumba cha mbao cha kuungamia, kiko konani, kina pazia jekundu, ndani giza. Shetani gani sijui akaninong'oneza: chumba chenye giza si hiki hapa?

Nikaingia, nikavuta pazia, nikabana tochi chini ya kivimbe, nikawasha. Jamani! Kiling'aa chote, chekundu kama nyanya iliyoiva, mwanga umepenya upande hadi upande. Furaha ikanipanda kichwani, nikasahau nilipo, nikapiga kelele, "Maji! Ni maji! Asante Mungu, maji!"

Sasa wewe jiweke kwenye benchi kule nje: pazia linawaka wekundu, na ndani mtu analilia maji. Katekista wetu, Mzee Haule, akapiga yowe, "Moto! Mama Kandida anaungua!" Nikasikia mabenchi yanaburutwa, kengele inalia, miguu inakimbia, na kabla sijapata la kusema pazia likanyofolewa, ndoo nzima ya maji ya maua ya altareni ikanitua usoni, kisha ya pili (hiyo ya kupigia deki, niliijua kwa harufu).

Nikatoka nimelowa chapachapa, ua limening'inia sikioni, tochi bado inawaka (Wachina nao walijitahidi). Padre ndiyo kwanza anaingia. Akanitazama, akazitazama ndoo, akasema taratibu, "Mama, ubatizo ni mara moja tu."

Kanisa zima likaangua kicheko. Nikataka kucheka nami, yakatoka machozi, nikawaeleza habari za shangazi na huo uvimbe. Kicheko kikakatika. Mzee Haule akavua koti lake, akanifunika mabegani, akasema, "Pole, mwanangu. Ungetuambia tungekusindikiza."

Jumatatu daktari alimulika, akavuta kwa sindano ute mzito kama wa yai, akasema si saratani. Halafu akanigeukia: "Lakini mama, tochi haitoshi peke yake. Siku nyingine usijipime." Nikaapa. Tangu hapo nikiota hata kipele naenda hospitali moja kwa moja, nikiwa mkavu, na habari njema naimeza kwanza mpaka nifike nje.