Aliyekimbia Sapu

Kama wewe ni mtu wa Ibighi na unataka kuingia chuo, usijisumbue kumpigia simu mjomba aliyeko Dar. Nenda kwa Shamimu. Stesheneri yake ni chumba cha mbele cha nyumba ya mama yake: kompyuta mbili, printa moja yenye kiburi, na benchi ambalo limekaliwa na wahandisi wanne, wauguzi hata sijui wangapi, na daktari mmoja wa mifugo ambaye siku hizi akipita hapo hasalimii. Wote hao ni Shamimu aliyewajazia fomu.

Tena hakuwa mtu wa kukujazia halafu akakuambia haya, nenda. Alichukua karatasi iliyoharibiwa na printa, akageuza upande mweupe, akakupangia. Diploma miaka mitatu. Kozi iwe hii, siyo ile inayofanana nayo, maana kwa ile vyuo vikuu havikupokei uhandisi. GPA inajengwa mwaka wa kwanza, usidanganywe kwamba utaifukuzia ukifika wa tatu. Fildi, yaani mafunzo ya kazini, ikiisha, daftari lisainiwe kabla hujafunga begi. Ukishuka chini ya tatu, digrii ya uhandisi utaisikia redioni.

Yote hayo aliyasema kwa sauti moja, kavu, bila kupanda wala kushuka. Watu walidhani ndio utaalamu wenyewe. Mimi nakuambia ilikuwa ganzi.

Miaka minane nyuma, Shamimu mwenyewe alikuwa mwaka wa mwisho wa diploma ya uhandisi wa ujenzi, chuo cha mbali, safari ya siku mbili kwa basi. Alitaka kujenga madaraja. Mto wa nyuma ya shule yao ulikuwa na magogo mawili ya kuvukia, na kila masika gogo moja lilikwenda na maji, kisha wazazi wakatafuta jingine. Mtoto Shamimu akaona huo ni upumbavu, akaapa kuumaliza. Mpango wake ulikuwa diploma kwanza, halafu digrii, na aliuandika ndani ya jalada la daftari kwa kalamu nyekundu.

Mwishoni kabisa akapata sapu ya Hesabu za Uhandisi. Kwa asiyejua, sapu ni mtihani wa marudio. Ukifaulu, umemaliza chuo. Ukifeli mara hiyo, unadisko, unarudi kwenu. Shamimu aliufanya, akatoka chumbani ameacha maswali mawili meupe. Siku ya pili yake kaka yake Tamimu akapiga simu: mama ameanguka uani akichimba magimbi, upande wa kulia wote umekufa.

Matokeo yalitoka baada ya wiki tatu. Hakuyaangalia. Kwanza hakuwa na nafasi, maana mgonjwa wa kiharusi anataka mikono yako yote miwili na mgongo juu yake. Halafu nafasi ikapatikana, lakini ujasiri haukuwepo. Maswali mawili meupe, anaangalia nini? Akabadilisha laini ya simu, wenzake wasije wakampigia kumpa pole. Watu walipomuuliza mbona harudi chuo, akajibu, "Mama anaumwa." Lilikuwa jibu la kweli, ndiyo maana likadumu.

Mama yake, Bi Nasma, alilala chumba cha nyuma, na kati ya kitanda chake na stesheneri palikuwa na ukuta wa mbao tu. Kila adhuhuri Shamimu alifunga mlango wa mbele, akaenda kumgeuza, kumsafisha na kumlisha. Akimaliza, mama alimwombea kwa mdomo wake uliopinda: "Mungu akulipe, mwanangu. Uliacha chuo kwa ajili yangu." Naye Shamimu aliitikia, "Amina."

Amina ya uongo, kila siku ya Mungu, miaka minane. Hapo mwanzo ilimchoma. Baadaye ikaacha kumchoma, na kwa maoni yangu hapo ndipo palipokuwa pabaya zaidi. Alikuwa na miaka thelathini na moja, hana hasira na mtu, hana furaha ya kumwambia mtu. Akiamka anaamka, akila anakula.

Sasa Jumatano moja ya mwezi wa saba, katika ile baridi yetu ya kuvaa koti mpaka ndani, wakaja mzee Ezron wa Masoko na binti yake Neema. Dirisha la maombi ya vyuo vikuu lilikuwa linafungwa Ijumaa ya wiki hiyo. Neema hakuhusika nalo, yeye alikuwa wa diploma, na dirisha la diploma lilikuwa bado lina wiki mbili.

"Ugonile, mwanangu," mzee alimsalimia kwa lugha ya kwetu, akafuta matope ya buti kizingitini.

"Ndaga, baba. Shikamoo. Karibuni mkae."

"Marahaba. Huyu mtoto anataka uhandisi. Kidato cha tano hakupangiwa. Mimi namuuliza, sasa njia iko wapi? Ananiambia njia anayo Shamimu."

Shamimu akaangalia matokeo ya Neema. Hesabu C, fizikia D, kemia C. Akageuza karatasi, akaanza kupanga kwa sauti yake ile ile: kozi, muhula, GPA, fildi. Neema alikuwa anaandika kila kitu kwenye kiganja cha mkono ingawa karatasi angepewa. Walipofika mwaka wa tatu, binti akauliza, "Dada, na nikipata sapu je? Rafiki yangu anasema ukipata sapu bora uache tu, uanze kozi nyingine."

Shamimu akaweka kalamu chini. Sijui ni kitu gani kilimpanda siku ile. Labda baridi, labda kile kiganja kilichojaa wino.

"Rafiki yako huyo usimsikilize tena," alisema. "Sogea hapa. Na wewe baba, sogea uone. Huu ni mfumo wa uhakiki. Humu wamo wote waliomaliza diploma. Ukiomba digrii, chuo kikuu kinakutafuta humu kwa namba yako ya kidato cha nne. Sasa mimi nawaonyesha mtu aliyekimbia sapu. Mtaona patupu. Hakuna jina, hakuna chochote."

Namba ya nani aandike? Aliyokuwa nayo kichwani ni moja tu. Akaiandika ya kwake bila kuangalia vidole, akabonyeza. Mtandao wa huku nao una mambo yake, kaduara kakazunguka, kakazunguka. Mzee Ezron akavaa miwani, akainama mpaka pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo. Akasoma kwa kidole, polepole, jinsi anavyosoma Biblia kanisani kwao.

"Shamimu," alisoma. "Stashahada ya Uhandisi wa Ujenzi. Amehitimu. GPA tatu nukta moja." Akavua miwani. "Mbona si patupu, mwanangu? Na huyu si ndiye wewe?"

Shamimu akafunga ukurasa, akaufungua upya. Akaandika tarakimu moja moja. Tatu nukta moja. Akaandika mara ya tatu, na jibu likawa lile lile, na mwaka ule ule wa miaka minane iliyopita.

Wanasema kinyozi hajinyoi. Sawa, hajinyoi, lakini kioo si anacho? Huyu aliwaangalizia matokeo watoto wa kata nzima, na ya kwake yamekaa humo humo, kwenye kompyuta yake mwenyewe, akipita pembeni yake kila siku.

Akangoja moyo udunde. Haukudunda. Akajua kabisa kwamba hili ni jambo kubwa, kama mtu anayejua kisu kimemkata vibaya lakini maumivu hayajafika. Akavuta fomu ya Neema, akamalizia alipokuwa amebakiza. Akachapa, akapiga pini, akampa karatasi ya mpango.

"Umefaulu, halafu umenuna," mzee alisema.

"Ni ya zamani, baba."

"Zamani kitu gani? Ndizi ndiyo inaoza. Kufaulu nako kunaoza?" Akafunga vifungo vya koti. "Haya. Ndaga fijo, asante sana, mwanangu. Mungu akuone."

Walipoondoka, Shamimu alipiga simu chuoni. Akapokea dada mmoja mwenye sauti ya mafua, Shamimu akamtajia jina na mwaka, akaulizia cheti. Alisikia kabati likifunguliwa, mafaili yakishushwa.

"Kipo," yule dada alisema. "Njoo na kitambulisho chako uchukue."

"Kipo tangu lini?"

"Tangu mahafali yenu. Wewe ulikuwa wapi?"

Akashukuru, akakata simu. Adhuhuri ilikuwa imefika, akafunga mlango wa mbele, akaenda nyuma kwa mama.

Akamgeuza ubavu. Akampaka mafuta mgongoni, pale ambapo kidonda kilitaka kuanza mwaka juzi na hakikuanza kwa sababu ya mikono yake. Akambadilishia shuka. Akamlisha ndizi za kuponda, kijiko kwa kijiko, akifuta upande wa mdomo usiosikia. Mama akamaliza, akameza mate, akaanza kama siku zote.

"Mungu akulipe, mwanangu. Uliacha chuo kwa ajili yangu."

Shamimu alikuwa anakunja shuka chafu. Akaendelea kuikunja.

"Hujasema amina," mama alisema.

"Sikuacha kwa ajili yako, mama."

Shamimu akaona akishaanza ni bora amalize.

"Nilidhani nimefeli. Nilikuwa najificha. Hata ungekuwa mzima ningejificha hivyo hivyo. Wewe nilikusingizia tu."

"Na kumbe hukufeli."

Shamimu akageuka.

"Ukuta wa mbao huu," mama alisema. "Nimemsikia yule mzee anavyosoma. Nimekuombea makusudi, nione kama utaitikia."

Nusu ya uso wake iliyo hai ilikuwa inatetemeka. Shamimu alifikiri ni hasira, na hasira kweli ilikuwemo, ila haikuwa peke yake. Mama alichukua muda kupanga maneno, maana maneno kwake yalikuwa kazi.

"Miaka minane nalala hapa, najua nimemla mwanangu mzima mzima. Nakusikia unawapangia watoto wa watu, kozi hii, siyo ile. Nasema, huyu angekuwa anajenga madaraja yake, mimi ndiye nimemfunga kamba mguuni. Kuna siku niliomba nife upesi ili uondoke. Niliomba kweli, Shamimu. Kumbe si mimi."

"Si wewe, mama."

"Si mimi," alirudia, na pumzi ikamtoka ndefu sana. "Ungeniambia. Mficha uchi hazai. Ungeniambia tu, siku moja, mama nimefeli, mimi ningekutuma ukaangalie."

"Nisamehe."

"Nitakusamehe baadaye. Wanataka GPA ngapi?"

"Mama."

"Wanataka ngapi? Usinifiche, nakusikia kila siku. Wanataka tatu. Wewe una tatu na nukta moja. Fizikia kidato cha nne?"

"C."

"Hesabu?"

"C."

"Cheti cha kuzaliwa?"

"Kipo."

"Na kile cha diploma?"

"Kipo chuoni. Nimewapigia. Kwa maombi namba tu inatosha."

"Dirisha linafungwa Ijumaa," Bi Nasma alisema. "Leo Jumatano. Mtandao wako unakatika Alhamisi, huwa nawasikia wateja wakilalamika. Unangoja nini?"

Shamimu akatazama shuka mkononi. "Na wewe nani atakugeuza?"

"Tamimu."

"Tamimu ni fundi cherehani, mama, hajui hata..."

"Tamimu ana mikono miwili na ana mke. Miaka minane anakuja kunisalimia kama mgeni, anakaa kwenye kiti, anaangalia saa. Mwache naye ajifunze. Utamwonyesha mwezi huu na ujao. Mpangie kwenye karatasi kama unavyowapangia watoto wa watu." Akafumba macho. "Nenda mbele. Mlango acha wazi."

Akaenda mbele. Hakufungua mlango wa wateja. Akakaa kwenye kiti chake, akafungua ukurasa wa maombi aliokuwa ameufungua mara mia kwa ajili ya wengine, na kwa mara ya kwanza akasoma maswali yake. Jina. Akaandika. Tarehe ya kuzaliwa. Namba ya kidato cha nne. Mfumo ukamvuta wenyewe, ukamletea diploma yake na GPA yake, ukamuuliza kama taarifa hizi ni sahihi. Akajibu ndiyo. Chaguo la kwanza: Shahada ya Uhandisi wa Ujenzi. Vidole vilikwenda vizuri, na ndani mwake bado hamkuwa na kitu, na akaanza kufikiri kwamba labda ndivyo atakavyokuwa maisha yote, ataingia chuo na ganzi yake na atatoka nayo.

Ukaja ule ukurasa wa mwisho wenye kitufe kimoja. Mwaka wa kuhitimu ulikuwa umeandikwa pale juu kwa herufi ndogo. Akaangalia ule mwaka. Mwaka ule alikuwa na miaka ishirini na tatu.

"Umetuma?" mama aliuliza kutoka nyuma ya mbao.

"Bado."

"Kuna nini?"

Shamimu akajaribu kukitafuta kitufe, akakipoteza, akakitafuta tena.

"Sioni vizuri, mama," alisema, na sauti yake iliyokuwa kavu miaka yote hiyo ikakatika katikati.

"Basi futa macho," Bi Nasma alisema, "utume. Umeme usije ukakatika."