Taa ya Tatu ya Breki

Juzi, kwenye gereji moja hapa Nakuru, nilimkuta mzee akimchunga fundi asitoboe gari lake jekundu la spoti, la zamani na la chini sana. Mkewe alikuwa amekataa kulipanda mpaka liongezwe taa ya breki, kwani karibu na Kikopey dereva wa lori la nyuma hakuziona taa zao za chini, nusura awagonge.

"Taa mbili zimetosha miaka yote," mzee alinung'unika.

"Hatutoboi, mzee. Tunaibandika kwa ndani, kwenye kioo cha nyuma," fundi akamtuliza.

Ilipofungwa, mzee alikaa kwenye usukani, naye mkewe akasimama nyuma ya gari. "Kanyaga." Ikawaka. "Kanyaga tena." Akatabasamu, akaingia.

Barabara ilikuwa wazi, lakini mzee aliondoka akipiga breki kila hatua. Mume akishindwa na mkewe, heri ashindwe kwa kitu kinachowaka.