Mkono wa Freni kwenye Reli ya Makaa ya Mawe

Kuna Jumamosi moja haitanitoka kichwani, ile tuliyokaa Muyinga kwa babu huku mama hasemi na kaka Hamisi. Naandika kwa sababu kuongea mbele ya watu kunanishinda. Hata darasani Gitega, mwalimu akiita jina langu natazama viatu. Kwenye karatasi ninaweza.

Hamisi alikuwa amepata kazi kwenye shantie, pale Wachina wanapojenga reli mpya, upande wa Makebuko. Fundi mmoja alikubali kumfundisha mashine. Jumatatu asubuhi alitakiwa afike na karangamuntu yake mkononi, na bila hicho kitambulisho wanachukua mtu mwingine. Mama alikichukua akakifunga kwenye pindo la kanga yake. Baba yetu alikufa barabarani akipeleka mzigo Tanzania, na tangu hapo mama akiona mtu anapanga nguo kwenye begi, anazitoa tena moja moja. Alikubali tuje Muyinga kwa sababu alidhani babu, mzazi wa baba, atamsaidia kumkataza Hamisi.

Babu ni mzee sana sasa, lakini bado anatengeneza mbabula, majiko ya makaa, kwa mabati. Anagongea juu ya kipande cha reli kilichozikwa nusu kwenye udongo wa ua. Siku hiyo Hamisi ndiye alikuwa anagonga, kwa hasira zake zote.

"We Hamisi," babu akasema, "hiyo mbabula ilikukosea nini? Punguza, jirani watafikiri tunajenga msikiti mwingine."

Hamisi akaweka nyundo chini. Mama alikuwa mlangoni anachambua mchele, ametugeuzia mgongo nusu. Babu akanigeukia mimi.

"Mariamu, mbona hujaniuliza hiki chuma nilikitoa wapi?"

Nilikuwa najua. Kila mtu kwetu anajua. Lakini nilielewa kwamba haongei na mimi. Kwetu baba mkwe hamkemei mke wa mtoto wake uso kwa uso. Akiwa na neno, anamwambia mjukuu, na mkwe anasikia akiwa kwenye kazi yake pale karibu. Kwa hiyo ilibidi mimi niulize, nikitazama viatu kama niko mbele ya darasa.

"Babu, ulikitoa wapi?"

"Bon," akasema, akavuta kigoda. Yaliyofuata nayaandika kama alivyoyasema.

"Mwanangu, ng'ambo ya ziwa, nilikofanya kazi ujanani, juu ya Kalemie, kulikuwa na mashimo ya makaa ya mawe. Si haya makaa ya miti mnayopikia. Yale ni jiwe jeusi, linachafua hadi mate. Wazungu walilaza reli fupi kutoka mashimoni mpaka bandarini. Fupi, nakwambia! Mwanamke alibandika maharage tukianza kushuka, na tukirudi yalikuwa bado magumu. Hiyo reli haikuwa na kazi nyingine. Mabehewa yanapanda matupu, yanashuka yamejaa, basi. Kupanda, injini inavuta. Kushuka, mzigo wenyewe unasukuma, na hapo ndipo sisi watu wa freni, wa kufunga breki, tulipata ugali wetu.

"Kila mtu alikaa juu ya behewa lake na kigongo cha mti. Unakiingiza kwenye usukani wa freni, unakaza. Dereva akipiga filimbi moja, kaza. Akipiga mbili, legeza. Hakuna mtu alikaza kwa akili yake mwenyewe. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria, na mkubwa wetu, Mzee Kalonda, alitufundisha kabla ya kutuonyesha hata choo kiko wapi."

Hamisi akacheka. Mama hakucheka, lakini mchele ulikuwa umetulia kwenye ungo.

"Kaka yangu Shabani alikuwa behewa la nyuma yangu. Kijana mzuri, anapendeza kuliko mimi, hilo nalikubali sasa kwa kuwa hayupo kunisikia. Rafiki yake alikuwa ameanguka kwenye ule mteremko, akafa. Tangu hapo Shabani akawa na woga. Asubuhi moja mvua ilinyesha, reli ikateleza kama sabuni. Tulipoanza kushuka, filimbi haijalia, yeye akakaza. Akakaza na mikono, na kifua, na meno. Akafunga macho.

"Unajua inakuwaje, mwanangu? Watu wanafikiri ukikaza sana, behewa linasimama. Hapana! Gurudumu linaacha kuzunguka, lakini behewa halisimami. Linateleza. Chuma juu ya chuma, moto unaruka, na pale freni haikusaidii kitu tena. Gurudumu linalozunguka unaweza kulishika polepole. Lililofungwa, limekwisha kukutoka mkononi. Behewa la Shabani likaanza kutusukuma sisi wa mbele. Dereva anapiga mbili, mbili, mbili, legeza! Shabani hasikii. Anaokoa roho yake, anafikiri.

"Mzee Kalonda alitembea juu ya makaa, behewa kwa behewa, kwenye ile mvua. Hakumpiga. Alimshika mikono, akamfungua vidole kimoja kimoja kama unavyomfungua mtoto aliyeshika wembe. Gurudumu likazunguka. Ndipo akakaza kidogo, akalegeza, akakaza kidogo. Tukafika chini.

"Lakini gurudumu lilikuwa limelika upande mmoja. Kuanzia siku hiyo behewa lile likipita linagonga, ko, ko, ko, na kambi nzima wanasema, 'Shabani huyo anapita.' Hata watoto! Kaka yangu akataka kuacha kazi kwa aibu. Mzee Kalonda akamwita mbele yetu, akamwambia: 'Kuogopa sikukatazi. Aliyemzika rafiki yake ataachaje kuogopa? Lakini ulishika kwa ajili ya aliyekufa, na sisi tulio hai ulikuwa unatuua.' Kisha akamrudisha kwenye behewa lile lile."

Babu akapapasa kile chuma. Kuku akapita katikati yetu. Mimi sikuthubutu kumwangalia mama.

"Baadaye meli na injini zikaanza kunywa mafuta," akaendelea, kama vile anamalizia tu. "Makaa hayakutakiwa tena. Reli ikaota nyasi, watu wakaing'oa, wengine wakaifanya nguzo za nyumba. Mi nikapata hiki kipande, nikavuka nacho."

Nikaona kwamba anasubiri. Kuna swali lilibaki, na hakuna mwingine wa kuliuliza. Nikauliza.

"Babu, sasa mtu afanye nini, kama anaogopa kweli?"

"Ashike, mwanangu. Simwambii aachie. Behewa lisilo na mkono wa freni linakwenda kuua watu bandarini. Ashike kidogo, alegeze, ashike tena. Amwache mtoto aende, na amwambie: kila Ijumaa jioni unapiga simu, kila mwisho wa mwezi nakuona kwa macho yangu. Na huyo anayekwenda," hapo sauti ikapanda, "asikie akiitwa! Asijifanye kiziwi kwa kuwa ameona mashine za Wachina."

"Nitasikia, babu," Hamisi akasema, taratibu.

Mama aliweka ungo chini. Kisha akaongea na mimi, macho yake kwenye mchele.

"Mariamu, mwambie babu yako nimesikia. Mwambie mimi siku ile nilimwacha mume wangu aende bila kumwambia hata neno, alikuwa na haraka. Mwambie hilo ndilo linanikaba."

Sikuweza kuyarudia yale maneno, na babu hakuhitaji niyarudie. Alifuta macho kwa kofia yake.

"Basi huyu mwambieni," akasema. "Mwambieni yote kabla hajaondoka."

Mama akafungua pindo la kanga. Vidole vilikuwa vinamsumbua, fundo lilikuwa gumu, na hakutaka nimsaidie. Akampa Hamisi karangamuntu mkononi, akaushika ule mkono, akauachia.

Babu akainua viganja vyake vyeusi vya kazi. "Mwanangu, anayekupenda akushike bila kukufunga, nawe ukienda usiukate mkono unaokushika. Mungu akutangulie njiani, akurudishe mlangoni ukiwa mzima, na mama yako akukute unacheka."

Kabla sisi wengine hatujafungua midomo, mama akasema kwa sauti, "Amina."