Nywele za Mkonge

Muhula ule, katika chama chetu cha drama, hakuna msichana aliyemwamini mwenzake, na mimi niliaminiwa kidogo kuliko wote. Baba yangu alikuwa Mjaluo, mama yangu Mkuria, na kwetu ni Muhuru, mpakani kabisa. Pale shuleni, upande wa Homa Bay, wenzangu walisema Kijaluo changu kinakwaruza masikio, na kwamba mtu wa mpakani hujui yuko upande gani.

Mambo yalianza alipofika mwalimu mkuu mpya, mama wa Kizungu, mrefu, aliyetembea kama anayefukuza kuku. Sheria yake ya kwanza ilikuwa Kiingereza tu, kila mahali. Lakini tukiwa peke yetu kwenye chumba cha chama, tukishona mapazia, tuliongea Kijaluo kwa raha zetu. Alasiri moja tukakubaliana kuutia mwendo wake katika mchezo. Kesho yake asubuhi, mbele ya shule nzima, alisema bila kutabasamu, "Atakayeniigiza afanye mazoezi. Mimi huanza na mguu wa kushoto."

Hakuna aliyecheka. Tulitazamana.

Kiongozi wetu, kiranja wa kidato cha tatu, alitukusanya nyuma ya jiko. "Kuna mtu hapa anampelekea maneno," alisema. "Na nitamjua."

Kuanzia hapo, aliyetumwa ofisini kuchukua chaki aliulizwa alikuwa akifanya nini huko muda wote huo. Mimi nilimshuku jirani yangu wa kitanda, kwa sababu alikuwa na sabuni ya kunukia na hakusema kaitoa wapi. Yeye, kumbe, alinishuku mimi kwa kuwa naongea usingizini.

Kiongozi akatega mtego. Alimwambia kila mmoja wetu siri yake tofauti. Mimi alinikuta bombani nikifua, chini ya dirisha la ofisi. "Nyar Muhuru," alisema kwa Kijaluo, maana ndivyo alivyoniita, binti wa Muhuru, "nitavaa nywele za mkonge nifanane naye kabisa. Usimwambie mtu."

Sikumwambia mtu.

Jumatatu mwalimu mkuu alisimama mlangoni tukiwa mazoezini. "Mkonge unawasha kichwani," alimwambia kiongozi kwa Kiingereza chake cha taratibu. "Jaribu nyuzi za sufu." Akaenda zake.

Kiongozi aligeuka akanitazama mimi tu.

"Si mimi," nilisema.

"Hiyo nilikuambia wewe peke yako."

"Labda alitusikia."

"Alitusikia! Kwani anajua Kijaluo?"

Wote wakacheka. Nikanyang'anywa nafasi yangu ya mama mkwe katika mchezo, na nikikaa mezani mazungumzo yalikatika. Mwisho nilianza kujishuku mwenyewe. Itakuwaje kama kweli naongea usingizini, na mtu anasikiliza?

Siku ya wazazi, mama yangu alifika kwa lori na kikapu cha samaki wa kukaushwa. Nilikuwa nikimvuta kando, wasije wakamcheka naye, mwalimu mkuu alipotushukia kwa ule mwendo wake.

"Oyawore, mama," alimsalimia. Kisha akaendelea kwa Kijaluo kilichonyooka kuliko changu, akimwuliza habari za barabara na za uvuvi.

Mama alishika kifua. "Umejifunzia wapi, mwalimu?"

"Nilizaliwa Karungu. Baba alikuwa mhubiri. Yaya wangu hakujua lugha nyingine."

Kiongozi wetu alikuwa karibu, amebeba sinia la vikombe. Niliusikia mlio wa vikombe vile kabla sijageuka kumwona uso.

Hakuniomba radhi. Kesho yake alinijia darasani, akaniambia, "Rudi. Utakuwa mama mkwe." Nilirudi kwa sababu nilipenda kuigiza, na kwa sababu nilitaka wanione pale.

Kwa nini mwalimu mkuu alitusikiliza miezi yote ile bila kujitambulisha, sikuwahi kujua. Chamani tukaacha Kijaluo, tukawa tunanong'ona Kiswahili chetu kibovu cha sokoni, tukiamini hicho hakijui. Siku moja alipita dirishani wakati jirani yangu wa kitanda akisimulia jambo la kuchekesha kuhusu mpishi. Hakusimama, lakini nilimwona akiuma mdomo.